Pete ya Ndoa ya Kudumu: Mwongozo wa Kuchagua Dhahabu, Fedha au Platinamu kwa Maharusi wa Dar es Salaam

Ukiingia kwa sonara kutafuta pete za ndoa, iwe Kisutu, Mtaa wa Indira Gandhi au Kariakoo, utaulizwa kwanza bajeti, kisha rangi: njano, nyeupe au nyekundu. Maswali hayo ni ya haki, ila hakuna hata moja linalokuambia kama pete hiyo itakuwa bado duara baada ya miaka ishirini ya kushika bomba la daladala, kukuna nazi, kufua kwa mkono na kubeba ndoo. Hilo ndilo swali ninalotaka tulijibu hapa, hatua kwa hatua, kabla kamati ya harusi haijala pesa yote kwenye ukumbi na mapambo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa maharusi wengi wa jiji hili, pete inayofaa ni ya dhahabu ya karati 18 iliyochanganywa na shaba ya kutosha, isiyo na jiwe lililoinuka, yenye unene usiopungua milimita 1.8, na iliyotengenezwa na sonara unayeweza kumrudia. Uimara wa pete ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: mchanganyiko wa metali, unene, na fundi aliye karibu wa kuitengeneza ikipata shida. Ukikosa moja, mawili yaliyobaki hayatoshi. Wapo watu ambao ushauri huu hauwafai, nao tutawafikia.

Hatua ya kwanza: zielewe namba

Karati ni hesabu ya sehemu 24. Dhahabu tupu ni karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za metali nyingine. Muhuri uliogongwa ndani ya pete mara nyingi huandika hesabu hiyo hiyo kwa sehemu za elfu moja: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Fedha ya vito kwa kawaida ni 925, na platinamu ni 950. Dhahabu inayoletwa kutoka Dubai nyingi ni ya karati 21 au 22, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka huko Ghuba. Vito vya India navyo huegemea 22.

Sisi watu wa pwani tumekua tukisikia kwamba karati ikipanda, pete ni bora zaidi. Kwa thamani ya kuuza, ni kweli. Kwa pete ya kuvaa usiku na mchana, sivyo. Dhahabu tupu ni laini mno: kwa kipimo cha ugumu cha Vickers iko kwenye 25 hivi. Karati 22 hufika kama 50 hadi 70. Karati 18 ya njano hufika 125 hadi 150, na hapo bado haijakazwa kwa roli wala nyundo. Kutoka 22 kushuka hadi 18 unapata ugumu wa mara mbili, na bado robo tatu ya pete yako ni dhahabu.

Kinacholeta ugumu huo hasa ni shaba. Atomi za dhahabu na za fedha zina ukubwa unaokaribiana sana, kwa hiyo fedha ikiingia kwenye dhahabu hukaa katika safu bila kuzisumbua. Atomi ya shaba ni ndogo zaidi. Ikikaa katikati ya atomi za dhahabu inavuruga mpangilio, safu hazitelezi tena kirahisi, na metali inakaza. Ndiyo sababu pete mbili zenye muhuri ule ule wa 750 zinaweza kuwa na tabia tofauti kabisa. Iliyochanganywa na fedha peke yake ni laini na rangi yake ina ukijani kwa mbali. Yenye asilimia 12.5 ya fedha na asilimia 12.5 ya shaba ni ile njano tunayoijua, na ni ngumu. Ikiwa robo yote iliyobaki ni shaba, pete inakuwa nyekundu na ngumu zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza sonara haliishii kwenye karati. Muulize: "Fundi, umechanganya na nini, na kwa kiasi gani?" Sonara anayejua kazi yake atajibu bila kusita.

Hatua ya pili: uangalie mkono utakaoivaa

Mhasibu wa Posta anayeshinda kwenye kompyuta na fundi wa Gerezani anayeshika nyundo hawahitaji pete moja. Kaeni wawili, mwandike mikono yenu inafanya nini kwa wiki nzima. Mambo manne yana uzito kuliko mengine.

La kwanza ni vitu vigumu: vyuma, mawe, uzani wa mazoezi, na mchanga. Mchanga wa ufukweni una chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko dhahabu, fedha na platinamu zote. Hakuna metali ya thamani isiyokwaruzika kwa mchanga, kwa hiyo usimwamini anayekuuzia pete "isiyokwaruzika".

La pili, ambalo hapa kwetu ndilo watu wanalolisahau, ni klorini. Jiki ya kufulia, dawa ya kusafishia sakafu za zahanati, maji ya mabwawa ya kuogelea: vyote vina klorini, nayo hushambulia zile metali zilizochanganywa na dhahabu. Kadiri karati inavyoshuka ndivyo hatari inavyopanda. Pete ya karati 9 au 14, na hata ile nyeupe yenye nikeli, inaweza kupata nyufa ndogo ndani kwa ndani, hasa mahali ilipoungwa au kwenye kucha zinazoshika jiwe, kisha siku moja ikakatika bila kugongwa. Muuguzi, mfua nguo na mwalimu wa kuogelea wasishuke chini ya karati 18, hata kama 14 ni ngumu zaidi kwa mikwaruzo.

La tatu ni umeme na mashine. Fundi umeme na mtu wa mashine inayozunguka avue pete kazini, iwe ya metali gani. Pete ikinaswa inaweza kung'oa nyama ya kidole.

La nne ni ngozi. Kama hereni za bei rahisi au kifungo cha suruali vimewahi kukutoa upele, huenda ngozi yako haipatani na nikeli. Kumbuka hilo tukifika kwenye dhahabu nyeupe.

Hatua ya tatu: chagua metali

Dhahabu ya karati 18 ya njano ndiyo ninayoanza nayo kila nikiulizwa. Haichujuki, kwa sababu rangi ni yake yenyewe hadi ndani. Jasho na chumvi ya hewa ya bahari havimbughudhi mvaaji. Kubwa zaidi, karibu kila sonara wa mjini anaweza kuikuza, kuipunguza, kuiunga na kuing'arisha. Ile nyekundu ni ngumu zaidi na inapendeza sana kwenye ngozi zetu, ila inahitaji fundi makini. Ikipozwa polepole baada ya moto hukakamaa na inaweza kupasuka ikikunjwa, kwa hiyo fundi anatakiwa kuitumbukiza kwenye maji ikiwa bado ya moto kabla ya kuendelea nayo. Mwulize kama ameshafanya kazi za dhahabu nyekundu, na umwombe akuonyeshe moja.

Karati 22 sitaki kuisema vibaya, maana ndiyo dhahabu ya mama zetu na ndiyo inayouzika haraka siku ya shida. Lakini kwa pete ya kila siku inahitaji kuwa nene, ya mviringo, isiyo na nakshi ndogo ndogo wala jiwe. Nakshi juu ya karati 22 hulika, na kucha zake hulegea jiwe likadondoka. Njia ambayo nadhani ni ya busara, na familia nyingi huifuata bila kuiita ushauri, ni kuwekeza karati 22 kwenye bangili na mkufu wa bibi harusi, na pete ya kidoleni ikawa 18.

Karati 14 ni chaguo la heshima kwa mkono wa kazi ngumu na mfuko usio mpana, mradi Jiki iwe mbali. Karati 9 ina dhahabu chini ya asilimia 38. Mara nyingi huanza kufifia na kuacha weusi kidoleni kwenye joto letu. Kama pesa inatosha karati 9 tu, ningefikiria kwanza fedha nene.

Dhahabu nyeupe inahitaji maelezo marefu, kwa sababu watu wengi huinunua bila kujua wananunua nini. Hakuna dhahabu nyeupe inayochimbwa Geita wala kwingineko. Ni dhahabu ile ile ya njano iliyochanganywa na nikeli au paladiamu ili rangi ififie, kisha juu yake ikachovywa rodiamu, na ni hiyo rodiamu inayong'aa kama kioo dukani. Chini yake pete ina weupe wenye manjano kidogo au kijivu. Rodiamu ni ngumu lakini tabaka lake ni jembamba mno. Upande wa kiganja huanza kuisha ndani ya mwaka mmoja au miwili kwa mtu anayetumia mikono, na ni lazima ichovywe tena. Kabla ya kulipa uliza maswali mawili: ni ya nikeli au ya paladiamu, na kuchovya upya kunafanyika hapa hapa au pete inasafirishwa? Ya nikeli ni ngumu na nafuu, ila inaudhi ngozi za baadhi ya watu na ndiyo inayoogopa klorini zaidi. Ya paladiamu ni laini kidogo, ghali zaidi, na rafiki kwa ngozi. Mimi ningelipia ya paladiamu au ningebaki na njano.

Kwa ndugu Waislamu kuna jambo la kuzingatia kwa upande wa bwana harusi. Mafundisho yanayofuatwa na wengi ni kwamba mwanamume havai dhahabu, na fedha anaruhusiwa. Dhahabu nyeupe haibadilishi hukumu hiyo, kwa sababu pete ya 750 ina sehemu 750 za dhahabu hata ikiwa nyeupe kama maziwa. Wako maharusi wanaouziwa "nyeupe" wakidhani wamekwepa, na inasikitisha kulijua hilo baada ya nikaha. Kwa platinamu na paladiamu, muulizeni shehe wenu.

Fedha ya 925 ina asilimia 7.5 ya metali nyingine, kwa kawaida shaba. Ni laini kuliko dhahabu ya karati 18, karibu nusu ya ugumu wake, na huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, kwenye jasho na kwenye vyakula kama mayai na vitunguu. Unyevunyevu wa Dar huiharakisha. Weusi huo si uharibifu. Hutoka kwa kitambaa cha kung'arishia. Kinachohitajika ni unene. Pete ya fedha ya mwanamume iwe na milimita 2.2 au zaidi, na kwa kuwa gramu ya fedha ni rahisi mno ukilinganisha na dhahabu, hakuna sababu ya kubana hapo.

Platinamu ya 950 ni nzito, nyeupe yenyewe bila kuchovywa, na ina tabia moja nzuri sana. Ikikwaruzwa, metali husogea pembeni badala ya kung'oka, kwa hiyo pete hupoteza uzito kidogo sana kwa miaka mingi. Kwa kushika almasi hakuna inayoifikia. Tatizo lake liko kwenye ukarabati. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi, platinamu kwenye 1768. Moto na vifaa vya sonara wa kawaida vimepangwa kwa dhahabu na fedha. Kabla ya kuagiza platinamu kutoka nje, tafuta kwanza mtu hapa mjini anayeweza kuikuza au kuiunga, na uhakikishe ameshaifanya. Ukimkosa, una pete nzuri isiyo na fundi.

Tungsteni, titaniamu na chuma cha pua si metali za thamani, na tungsteni haikuzwi wala kupunguzwa. Kidole kikinenepa unanunua nyingine. Nazitaja kwa sababu ya wanaoziona mtandaoni.

Tahadhari moja kwa bibi harusi: pete ya uchumba na ya ndoa hukaa kidole kimoja na kusagana mchana kutwa, na ile laini ndiyo inayolika. Kama ya uchumba ni karati 18, ya ndoa iwe karati 18 yenye mchanganyiko unaofanana.

Na kuhusu tanzanaiti, jiwe letu la Mererani ambalo kila mtu angependa kulivaa: ugumu wake ni 6 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs cha mawe, ambacho huishia 10, na halipendi mabadiliko ya ghafla ya joto. Kwenye pete ya kila siku litakwaruzika na linaweza kupasuka. Liwekeni kwenye hereni au kidani cha mkufu, na pete ya ndoa iwe ya metali tupu. Kama limeshawekwa kwenye pete, sonara alitoe kabla ya kuwasha moto wowote.

Hatua ya nne: unene, umbo na uzito

Hapa ndipo pete nyingi za mjini zinapoanguka. Watu hubishana karati halafu wanakubali pete nyembamba, au yenye uvungu upande wa ndani ili gramu zipungue. Pete nyembamba ya karati 18 itapinda kabla ya pete nene ya karati 22.

Tuchukue mfano. Pete yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17, upana wa milimita 4 na unene wa milimita 1.8, bapa ndani na ya mviringo juu, ina ujazo wa kama sentimita za ujazo 0.34. Kwa karati 18 ya njano, ambayo kila sentimita ya ujazo ina gramu 15.5 hivi, pete hiyo itakuwa na gramu 5.3. Kwa karati 14 itakuwa gramu 4.5, kwa karati 22, gramu 6, kwa platinamu, gramu 7, kwa fedha, gramu 3.5. Ukitajiwa pete ya karati 18 ya upana huo yenye gramu 3, jua unene umeibiwa mahali fulani. Omba kalipa uupime, hasa upande wa kiganja, kwa kuwa ndiko pete hulika.

Bei nayo utaielewa kwa hesabu hiyo. Chukua bei ya dunia ya wakia moja ya dhahabu siku hiyo, igawanye kwa 31.1 upate gramu, zidisha kwa 0.75, kisha kwa gramu za pete. Hiyo ni thamani ya dhahabu iliyomo. Kinachozidi hapo ni ufundi, kodi na faida ya sonara, na una haki ya kuuliza kila kimoja.

Saizi ipimwe mchana au jioni, zaidi ya mara moja, mwili ukiwa na joto la kawaida. Asubuhi ya Julai kidole ni chembamba kuliko alasiri ya Februari, na pete inayobana wakati wa kaskazi itakutesa kila mwaka. Ikiwa pana kuliko milimita 6, ongeza nusu saizi.

Hatua ya tano: hakikisha unachouziwa

Anza na muhuri. Ukiona herufi GP, GF au HGE karibu na namba, pete hiyo imechovywa au kufunikwa dhahabu juu ya metali nyingine. Muhuri peke yake hautoshi, kwa sababu nyundo ya kugonga 750 inaweza kununuliwa na mtu yeyote. Kwa vito vilivyotoka India, tangu 2021 utaratibu wa huko unataka kila pete iliyothibitishwa iwe na nembo ya BIS, shirika la viwango la India, pamoja na msimbo wa herufi na namba, jumla yake sita, ambao unaweza kuhakikiwa kwa simu.

Kisha omba kipimo cha jiwe. "Kaka, naomba uipime nikiona." Sonara atachukua jiwe jeusi lililo laini, ataisugua pete mpaka iache mstari wa njano. Pembeni yake atasugua sindano yenye ncha ya dhahabu ya karati inayojulikana, tuseme 18. Halafu anapitisha tone la asidi ya karati hiyo juu ya mistari yote miwili. Macho yako yawe hapo. Mstari wa shaba nyeupe au njano huchemka na kutoweka mara moja. Mstari wa karati 14 chini ya asidi ya 18 hufifia na kuacha kivuli cha kahawia. Ukiwa wa 18 kweli, mistari miwili inabaki sawasawa, ya kwako na ya sindano. Kipimo kisipokuwa na mstari wa kulinganishia, mwombe aurudie nao.

Mashine ya eksirei inayosoma metali, ambayo baadhi ya wanunuzi wa dhahabu wanayo, hukupa asilimia za kila metali ndani ya dakika, pamoja na shaba na nikeli. Ila husoma juu juu tu, kwa hiyo pete iliyochovywa dhahabu nene inaweza kuidanganya. Sumaku haikusaidii sana, maana shaba, fedha na dhahabu zote hazivutwi.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote unaweza kukifanya mwenyewe kwa mizani ndogo inayosoma gramu 0.01, kwa pete isiyo na jiwe wala uvungu. Pima pete ikiwa kavu. Tuseme ni gramu 6.20. Weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba, itumbukize mpaka izame yote bila kugusa chini wala pembeni, na tikisa uzi kidogo mapovu yatoke. Mizani itasoma namba ndogo, ambayo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na pete. Ikisoma 0.40, gawanya 6.20 kwa 0.40 upate 15.5, na hiyo ni karati 18. Ikisoma 0.47 umepata 13.2, ambayo ni karati 14. Ikisoma 0.73 umepata 8.5, nayo ni shaba njano iliyovishwa koti la dhahabu. Karati 22 hutoa karibu 17.7, na fedha 10.4. Rudia mara kadhaa, maana kosa la 0.01 tu linasogeza jibu. Kumbuka pia kwamba tungsteni ina uzito unaokaribia ule wa dhahabu tupu, kwa hiyo jiwe na maji vitumike pamoja.

Angalia pia kama mizani ya dukani ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu.

Hatua ya sita: ukitaka kuyeyusha dhahabu ya familia

Ni jambo zuri, na wengi hufanya hivyo: hereni za bibi, mkufu uliokatika wa mama, vikawa pete mbili. Lakini vipande hivyo huwa na karati tofauti, na sehemu zilizoungwa zinaweza kuwa na metali zisizofaa. Risasi ikiingia, hata kidogo sana, dhahabu inakuwa ya kupasuka pasuka na pete haitadumu. Kwa hiyo kila kipande kipimwe karati peke yake mbele yako, mawe yatolewe, sehemu za maungio zikatwe au dhahabu yote isafishwe kabla ya kuchanganywa upya kwa vipimo kufika karati 18. Andikeni gramu zilizoingia. Kupungua kidogo kwenye moto na kwenye msasa ni kawaida. Mkubaliane mapema kiasi gani kinakubalika, na mabaki ni ya nani.

Uliza pia pete itatengenezwaje. Ya kumwaga kwenye umbo inaweza kubaki na vitundu vya hewa ndani. Iliyotengenezwa kwa mche uliopitishwa kwenye roli hushikamana na kuwa ngumu zaidi, na kwa pete ya kawaida isiyo na nakshi ndiyo ningeichagua. Itakuwa na mahali pamoja pa kuungia; dhahabu ya kuungia iwe ya karati ile ile, isiyo na kadimiamu, kwa afya ya fundi mwenyewe.

Hatua ya saba: maandishi na muda

Agizeni wiki sita kabla, msisubiri matangazo ya ndoa yaanze kusomwa kanisani ndipo mkimbilie mjini. Fundi aliyebanwa na muda hupunguza hatua. Dai risiti ya EFD, na kwenye karatasi ya oda ziandikwe gramu, karati, mchanganyiko wa metali, bei ya gramu, na gharama ya ufundi kando yake. Muulize pia, kwa lugha nzuri, siku ukiirudisha ataipokea kwa bei gani, na kama kuikuza mara ya kwanza ni bure.

Baada ya harusi

Vua pete kabla ya Jiki, bwawa la kuogelea, kukuna nazi na mazoezi ya vyuma. Baharini ivue pia: maji yenyewe hayaidhuru karati 18, ila kidole kikipoa hupungua na pete huteleza, na Coco Beach hairudishi kitu. Isafishe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza, iache. Mjamzito aivue mapema akiona vidole vinavimba, asingoje mpaka ikatwe hospitali.

Mara moja kwa mwaka mpelekee sonara aikague na kuipima kwa kalipa. Kung'arisha kila mara si jambo jema, kwa sababu kila kung'arisha kunaondoa dhahabu kidogo. Acha mikwaruzo midogo ikae. Upande wa kiganja ukishuka chini ya milimita 1.2, usingoje ikatike. Sonara anakata sehemu iliyolika na kuunga kipande kipya chenye mchanganyiko ule ule ulioandikwa kwenye karatasi ya oda.